Rufaa ya Jebel Sfaya

Barua ya kamati ilikuwa na kurasa mbili na nusu. Beya Mathlouthi aliisoma yote akiwa amesimama kwenye korido ya idara ya fizikia, mkoba ungali begani na mwavuli ukimchuruzikia maji viatuni. Alipofika mwisho alirudi juu akaanza upya, akidhani labda kuna sentensi ameiruka. Hakuwa ameruka kitu. Andiko lao la mradi lilikuwa limekataliwa.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Baba yake alikuwa mchimbaji wa madini ya risasi huko Jebel Sfaya, mji mdogo wa milimani upande wa Kef, karibu na mpaka wa Algeria. Mgodi ulifungwa Beya akiwa shule ya msingi, na mji ukaanza kufa nao: kwanza treni iliacha kuja, kisha duka la dawa likafungwa, kisha vijana wakaondoka. Beya naye aliondoka. Alisoma Tunis, akawa mwanafizikia, akazunguka nchi za watu, na huko akagundua jambo lililomchekesha na kumtia uchungu kwa pamoja. Kitu ambacho wanasayansi wenzake walikitafuta kwa udi na uvumba, yaani shimo refu, kavu, chini ya mlima mkubwa, nyumbani kwao Jebel Sfaya kilikuwepo tangu zamani, na waliokuwa wakikitumia ni popo.

Miaka minane alikuwa akiuandaa mradi huo. Alitaka kuweka fuwele mia mbili na kumi, kila moja kubwa kama tofali, ndani ya njia namba tisa ya mgodi, mita mia saba chini ya kilele, kisha asubiri. Mara moja kwa mwaka, au pengine isitokee kabisa, chembe ndani ya fuwele moja ingeweza kuvunjika kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona, ikatoa mweko mdogo sana wa mwanga. Mweko huo mmoja ungewafunulia watu jambo kuhusu swali la kwa nini ulimwengu una vitu ndani yake badala ya kuwa mtupu. Lakini juu ya ardhi mionzi ya angani huzipiga fuwele usiku na mchana, na mweko ule ungepotea kama mnong'ono sokoni. Ndiyo maana alihitaji mlima.

Adhuhuri ile alikutana na wenzake wawili kwenye mkahawa wa lablabi nyuma ya chuo. Naoufel, fundi wa vyombo vya maabara, alikuwa tayari ameshamega mkate wake ndani ya bakuli na kuumwagia supu ya dengu. Profesa Chedly Gharsallah alikaa bila kula, miwani juu ya paji la uso. Yeye ndiye aliyemfundisha Beya fizikia tangu mwaka wa kwanza, na mwezi wa saba mwaka huo alikuwa anastaafu.

"Wametupiga mapigo matatu," alisema Beya, akaiweka barua mezani. "La kwanza, miamba ya Jebel Sfaya inatoa mionzi mara nane ya kiwango kinachovumilika. La pili, mgodi unavuja maji. La tatu..."

Akageuza ukurasa.

"Sema tu," alisema Naoufel, mdomo umejaa. "Tushazoea."

"La tatu, kikundi hakina uzoefu wa kufanya kazi chini ya ardhi."

Chedly alishusha miwani polepole. "Mimi? Mimi niliyekaa miaka kumi na mmoja chini ya mlima Italia? Waambie hao nimekaa chini ya ardhi kuliko viazi!"

Naoufel alicheka hadi akapaliwa na harisa, ile pilipili ya kusaga. Beya hakucheka. Alikuwa ameshafungua kijitabu cha kanuni za kamati, na kidole chake kilikuwa kwenye ibara ya kumi na nne.

"Tunaruhusiwa kukata rufaa, Mwalimu. Siku thelathini."

"Ruhusa ipo. Nani amewahi kuitumia?"

"Hakuna."

"Unajua kwa nini hakuna?" Chedly aligonga meza kwa kijiko. "Kwa sababu watu wale wale waliokukatalia ndio watakaokusikiliza. Wao wameshika mpini, sisi tumeshika makali. Ukivuta, anakatwa nani?"

"Basi tusivute kwa nguvu. Twende tukapime. Hiyo namba nane wameitoa wapi? Sisi tulipima njia namba tisa miaka mitatu iliyopita, na hatukuona kitu kama hicho."

"Mlipima kwa siku mbili, kwa chombo cha kuazima," alisema Chedly. "Hata mimi ningekuwa kwenye kamati ningewauliza."

"Basi safari hii tukapime vizuri."

Chedly akavuta bakuli lake karibu, akaanza kula. Kwa wanaomjua, hilo lilikuwa jibu.

*

Chanzo cha namba nane kilimchukua Beya siku nne kukipata. Mwandishi wa tathmini, ambaye kwa kanuni jina lake lilifichwa, alikuwa ametaja "upimaji wa mwaka 1986" bila maelezo zaidi. Beya aliupata kwenye maktaba ya jiolojia, ripoti nyembamba ya kupigwa chapa kwa mashine, imetiwa saini na profesa mmoja aliyekwisha kufariki. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na ramani ya kuchorwa kwa mkono, na juu yake alama sita za msalaba kuonyesha mahali palipopimwa. Misalaba yote sita ilikuwa nje ya mgodi, mbele ya mlango, kando ya reli.

Aliinua simu akampigia Naoufel palepale. "Hawakuingia ndani!"

"Nani hawakuingia ndani? Unapiga kelele maktaba, dada."

"Hao wa mwaka themanini na sita! Wamepima uwanjani, wakasema wamepima mlima!"

Siku ya nane ya rufaa walipakia vyombo kwenye gari la idara wakaelekea milimani. Ilikuwa mwishoni mwa Februari, na baridi ya Kef ilikuwa ikikata masikio. Walifikia kwa Ami Sassi, mzee wa miaka sabini na tisa aliyefanya kazi na marehemu baba yake Beya, na ambaye ndiye pekee aliyebaki mjini mwenye kuzijua njia zote za mgodi kwa miguu. Alikuwa na kifua kibovu kama wachimbaji wengi wa rika lake, na ulimi usiopumzika.

"Kumbe binti wa Mathlouthi amerudi kuchimba!" alisema mlangoni, akimbusu Beya mashavuni. "Baba yako alikula viapo vyote kwamba hakuna mtoto wake atakayeingia shimoni. Nitamwambia nini nikifika kwake?"

"Mwambie nimeingia na shahada, Ami."

"Shahada haizuii jiwe. Vaeni kofia."

Alipoonyeshwa ramani ya 1986, mzee aliiweka karibu na pua, akakodoa, kisha akaanza kucheka hadi kikohozi kikamkamata.

"Hapa? Hapa ndipo walipopima? Mwanangu, hapa ilikuwa stesheni! Mabehewa ya fosfeti kutoka migodi ya jirani yalikuwa yakisimama hapa kungoja injini. Nusu ya fosfeti ilikuwa inamwagika chini. Tulikuwa tukirudi nyumbani vumbi lake limejaa viatuni."

Beya na Chedly wakatazamana. Fosfeti ya nchi ile ina urani ndani yake, kidogo tu, lakini ya kutosha kukifanya chombo cha kupimia mionzi kipige kelele. Mtu wa 1986 hakuwa amepima miamba ya Jebel Sfaya hata kidogo. Alikuwa amepima mzigo wa watu wengine uliomwagika njiani.

Kesho yake waliingia. Ami Sassi alitangulia na taa, akizitaja njia kwa majina kama mtu anayewasalimu majirani. Maji waliyakuta, lakini kwenye njia namba nne tu, juu kabisa, na mzee akawaonyesha mfereji uliochongwa na wachimbaji kuyatoa nje upande wa pili. Njia namba tisa ilikuwa kavu, vumbi lake jepesi kama unga. Naoufel alifunga chombo kimoja cha kupima mionzi ya mwamba na kingine cha kupima hewa, maana miamba hutoa pia gesi iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo ni adui wa fuwele kuliko hata mwamba wenyewe.

Kwa siku tisa namba zilikuja nzuri kupita walivyoomba. Mwamba ulikuwa mpole, robo tu ya kiwango kinachovumilika. Gesi nayo ilikuwa chini. Kila jioni walikaa sebuleni kwa Ami Sassi, mkate wa tabuna, ule wa tanuri la udongo, ukiwa bado wa moto, wakichora jedwali zao, na Chedly akawa anapiga mluzi. Beya hakuwa amemsikia akipiga mluzi tangu mkewe alipofariki.

Siku ya kumi upepo ukageuka.

Shihili, upepo wa moto kutoka jangwani, ulipanda mlimani mapema kuliko kawaida yake. Asubuhi watu walitoka na makoti, adhuhuri wakayabeba mkononi. Beya aliposhuka njia namba tisa na kusoma chombo cha hewa, alidhani kimeharibika. Alikizima akakiwasha. Gesi ilikuwa imepanda mara kumi na mbili.

"Mlima umegeuza pumzi," alisema Ami Sassi alipoambiwa, bila mshangao wowote. "Nje kukiwa na baridi kuliko ndani, hewa safi inaingia kwa mlango huu wa chini na kutokea juu. Nje kukiwa na joto, inashuka kutoka juu, inapita kwenye nyufa zote, inakuja na uchafu wote. Tulikuwa tunajua kwa taa. Moto ukilalia upande huu, twende kazini. Ukilalia upande ule, kichwa kitauma leo."

"Na kiangazi?" aliuliza Beya, ingawa jibu alishalijua.

"Kiangazi kizima ni hivyo, mwanangu."

*

Mchana ule walikaa watatu sebuleni, na kwa mara ya kwanza tangu wafike hakuna aliyegusa chai.

"Tuna siku tisa safi," alisema Chedly hatimaye. "Siku tisa ni kipimo halali. Kamati imetuuliza kuhusu mwamba, tumejibu kuhusu mwamba. Imetuuliza kuhusu maji, tumejibu. Nani ametuuliza kuhusu upepo?"

Naoufel aliinamisha kichwa akaanza kukunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa.

"Mwalimu," alisema Beya taratibu.

"Sisemi tudanganye. Nasema tupeleke tulichoulizwa. Hiyo gesi tutaishughulikia tukishapewa kibali. Kila jaribio duniani linashughulikia gesi."

"Na wakija kupima wenyewe mwezi wa saba?"

"Mwezi wa saba mimi sitakuwepo!" Sauti ya mzee ilipasuka. "Nimebakiwa na miezi minne, Beya. Unafahamu? Umri huu wote nimefanya kazi kwenye mashimo ya watu wengine. Jina langu liko mstari wa mia na arobaini kwenye makala za watu wengine. Nataka kuona fuwele moja, moja tu, inashushwa kwenye shimo letu kabla sijakabidhi ufunguo wa ofisi."

Alijua mzee anasema kweli, na alijua pia kwamba yeye mwenyewe, aliposoma ile namba shimoni, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa hilo hilo: kuvizima vyombo, kuvifungasha, na kurudi Tunis na siku tisa. Alilishika wazo lile kwa dakika nzima, na lilikuwa tamu.

"Tunawashtaki kwamba walipima mahali pasipo penyewe," alisema mwishowe. "Wakaacha kuingia ndani kwa sababu nje kulikuwa rahisi. Sasa sisi tukiacha siku hii moja kwa sababu zile tisa ni rahisi, tofauti yetu na wao iko wapi? Mimi siwezi kusimama mbele yao, Mwalimu. Nitababaika. Unanijua, sijui kuficha kitu."

"Kwa hiyo tutapeleka kitanzi chetu wenyewe."

"Tutapeleka tulichokiona."

Chedly aliinuka, akachukua koti ambalo hakulihitaji, akatoka nje. Naoufel akapumua. "Umemuumiza."

"Najua."

Beya alimfuata Ami Sassi uani, ambako mzee alikuwa akiwamwagia kuku punje. Alikaa kwenye ngazi. Hakuwa na swali, aliuliza tu ili kuisikiliza sauti ya mtu mwingine.

"Enzi zenu, shihili ikija, mlifanyaje? Mlikaa nyumbani?"

"Nyumbani? Msimamizi angetukata masikio. Tulifunga mlango."

"Mlango gani?"

"Mlango wa njia namba tisa. Wa mbao, mzito, na ngozi pembeni. Ulifungwa upande wa juu, halafu feni inasukuma hewa ya nje kwa bomba. Mgodi ulipofungwa watu wakauchukua wakafanya kuni. Lakini fremu yake ipo." Akamtazama. "Mbona umenikodolea macho hivyo? Sikukuambia? Hukuniuliza."

Beya alitoka mbio. Alimkuta Chedly kwenye ukuta wa shule ya zamani, amekaa kama mtu anayengoja basi ambalo halipo. Alimweleza akihema. Mzee alisikiliza bila kugeuka, na kwa kitambo Beya alidhani bado amenuna. Kisha akauliza, kwa sauti kavu, "Bomba la upana gani?"

"Sijui."

"Basi kamuulize. Na mwambie Naoufel atafute karatasi za nailoni, zile nzito za kufunikia nyumba za mboga. Shihili haitatusubiri."

Walifanya kazi alasiri hiyo na siku nzima iliyofuata. Naoufel aliranda mbao alizopewa na seremala wa mjini, Chedly akakata nailoni kwa kisu cha jikoni, na Ami Sassi akakaa kwenye sanduku akiwatukana wote kwa upole kwamba hawajui kupigilia msumari. Feni waliazima kwa mfugaji wa kuku. Mlango ule wa kubabaisha ulipofungwa na hewa ya nje ikaanza kuingia kwa bomba, walingoja kwa saa sita. Gesi ikashuka. Ikashuka tena. Ilisimama ikiwa juu kidogo tu ya siku za baridi.

Upepo ulikatika keshokutwa yake asubuhi, kwa hiyo kipimo cha mlango kilikuwa cha siku moja na nusu tu. Kilikuwa kidogo mno. Beya alikiandika hivyo hivyo: "Hiki ni kipimo kidogo mno kuthibitisha jambo, lakini kinaonyesha njia." Rufaa yao, kurasa thelathini na moja, pamoja na barua za zamani za Chedly kutoka Italia, iliwasilishwa siku ya ishirini na nane.

*

Kamati ilikaa kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja mjini Tunis, wajumbe watano upande mmoja wa meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa Profesa Tijani Belkadhi, mtu mrefu wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe, anayejulikana kwa kukatisha wasemaji. Beya alipewa dakika ishirini. Aliishika mikono pamoja mgongoni.

Alianza na mwamba. Alionyesha namba zao, kisha akaonyesha ramani ya 1986 na misalaba yake sita.

"Vipimo hivi vilichukuliwa nje, kwenye stesheni ya zamani ambako fosfeti ilikuwa ikimwagika," alisema. "Tumepima uwanja ule pia. Hata leo, chini ya majani, inatoka mara sita. Namba ya ripoti ni sahihi kwa uwanja. Haihusu mgodi."

"Una uhakika gani kwamba hawakuingia?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Ramani ndiyo inayosema, bwana. Sina ushahidi mwingine."

Belkadhi hakukatisha. Alikuwa akiitazama ramani ukutani kwa namna ambayo Beya hakuielewa.

Akaendelea na maji, kisha na uzoefu. Kisha akafika ukurasa wa kumi na tisa. Nyuma yake alimsikia Chedly akibadilisha mkao kitini.

"Sasa nitawaonyesha jambo ambalo hamkutuuliza," alisema. "Tulikosea. Andiko letu la kwanza lilisema hewa ya njia namba tisa ni safi mwaka mzima. Si kweli. Upepo wa joto ukivuma, gesi inapanda mara kumi na mbili, na kwa hali hiyo jaribio letu haliwezi kufanyika kiangazi. Hii hapa chati."

Mjumbe mmoja aliyekuwa akiandika alisimamisha kalamu. Beya aliwaeleza kuhusu mlango, feni ya kuku, siku moja na nusu, na akasema mwenyewe kwamba siku moja na nusu si kitu. Kisha akakaa.

Belkadhi alivua miwani akaifuta. "Ripoti ya 1986," alisema, "imesainiwa na profesa wangu, Mungu amrehemu. Lakini misalaba ile niliichora mimi."

Beya aliigeukia tena ramani ukutani.

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tulifika mlangoni, profesa akachungulia ndani akasema, 'Tijani, pima hapa hapa, mwamba ni mwamba.' Nikapima hapo hapo. Nilipoandika tathmini ya andiko lenu, niliikumbuka namba, nikaiamini kwa sababu ilikuwa yangu. Sikuikumbuka stesheni." Aliirudisha miwani usoni. "Kanuni inaficha jina la mwandishi wa tathmini. Nadhani leo nimeivunja. Andikeni kwenye kumbukumbu kwamba nimeivunja, na kwamba sitapiga kura kwenye rufaa hii."

Kisha akawatazama kwa ukali wake wa kawaida, kama aliyeona haya kwa kusema mengi. "Lakini mlango wa nailoni, Daktari! Na feni ya kuku! Mngeweza hata kuazima ya ofisi."

"Ya ofisi ni mbovu, Profesa," alijibu Naoufel kutoka kiti cha nyuma, na kamati nzima ikaangua kicheko.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki mbili, na haukuwa ule walioomba. Fuwele mia mbili na kumi hazikupewa kibali. Lakini barua ilisema kukataliwa kwa kwanza kumefutwa, kwamba kikundi kinapewa mwaka mmoja wa majaribio, fuwele kumi na mbili, mlango wa chuma uliojengwa kitaalamu, na kwamba mwaka huo lazima uwe na kiangazi kizima ndani yake. Mwisho wa mwaka, wakirudi na namba nzuri, mlango wa mradi mzima utakuwa wazi. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, chini kabisa: kamati inapenda rufaa hii itumike kama mfano kwa waombaji wengine.

Beya aliisoma kwa sauti kwenye mkahawa ule ule wa lablabi. Naoufel alipiga meza hadi vijiko vikaruka. Chedly aliomba aisome mwenyewe, akaisoma, akaikunja, akasema tu, "Kumi na mbili. Kumi na mbili si haba." Kisha akaenda kuosha uso, akachelewa kurudi.

*

Fuwele za kwanza zilishushwa mgodini Jumamosi ya pili ya Juni. Nusu ya mji ilikuwepo mlangoni, wanawake wamebeba sinia za bsisa, unga wa nafaka zilizokaangwa, na maji baridi, na msichana mmoja aliyekuwa amesomea umeme Kef alikuwa ameajiriwa tayari kulinda feni. Chedly, akiwa na kofia ya chuma iliyomzidi kichwa, aliibeba fuwele ya kwanza kwa mikono yake kutoka kwenye kigari hadi mahali pake. Hakumruhusu mtu amsaidie. Ilikuwa nzito, na kwa mita hamsini zile hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Wiki ya tatu shihili ilivuma kwa nguvu. Nje kipimajoto kilisoma arobaini na moja, na kuku wa Ami Sassi walilala chini ya gari. Beya na Chedly walikaa kwenye kibanda cha chuma karibu na mlango wa mgodi, mbele ya skrini, wakingoja namba ya hewa ya saa tisa alasiri. Mlango ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Beya alikuwa ameuma kucha zote za mkono wa kushoto.

Namba ikatokea. Ilikuwa ile ile ya Februari, ikizidi kwa nukta chache tu.

Chedly aliisogelea skrini. "Ngoja ya saa kumi," alisema. "Moja haitoshi."

Wakangoja ya saa kumi. Ilikuwa nzuri. Wakangoja ya kumi na moja, nayo ikawa nzuri, na hapo mzee akaegemea kiti, akafungua kifungo cha juu cha shati. Mezani palikuwa na barua yake ya kustaafu, tayari imegongwa muhuri, na juu yake fomu nyingine aliyoijaza mwenyewe kwa kalamu ya risasi: maombi ya kubaki kama mtafiti wa kujitolea, bila mshahara, mahali pa kazi Jebel Sfaya.

"Hapa pa 'sababu' niandike nini?" aliuliza.

"Andika una uzoefu," alisema Beya.

Mzee akacheka, akalowesha ncha ya kalamu ulimini, akaandika.